Fundi wa mashine za hospitali: masomo yanaongezeka, nafasi ya kazi iko wapi?

Kila mwaka matokeo ya Exetat, mtihani wa taifa wa kumaliza sekondari, yakitoka, nyumba nyingi za Lubumbashi, hapa Kongo, zinarudi kwenye mjadala ule ule: mtoto asome nini. Zamani majibu yalikuwa machache. Udaktari, sheria, polytechnique, yaani uhandisi, kwa anayetamani migodi, uuguzi kule ISTM, chuo cha ufundi wa tiba, kwa anayetaka kuanza kazi mapema. Sasa limeingia jina lingine, biomedikali. Binti amelisikia kwa rafiki yake aliyeko Kigali, kijana ameliona kwenye simu, na baba anauliza: hiyo ni kazi ya daktari au ya fundi umeme? Na akimaliza, nani atamwajiri?

Maswali yote mawili ni ya haki. La kwanza linajibika haraka. La pili ndilo lenye mafundo, na matangazo ya vyuo hayapendi kuligusa.

Jina hilo moja limebeba kazi tatu. Kuna mbunifu, ambaye anashinda maabara au kiwandani akitengeneza mguu wa bandia, kipimo kipya cha damu au programu ya kusoma picha za skana. Huyu anahitaji hesabu nzito, fizikia na biolojia, na mara nyingi haishii kwenye licence, digrii ya kwanza, anakwenda mpaka masta au doktora. Mishahara minono inayosambaa kwenye simu ni ya huyu: Marekani, mwaka 2023, mhandisi wa kundi hili anayesimama katikati ya orodha ya mishahara alikuwa anapata kama dola 100,000 kwa mwaka. Kuna mhandisi wa hospitali, ambaye habuni kitu. Yeye anaamua mashine gani inunuliwe na ipi ikataliwe hata kama ni ya bure, anaandika masharti ya zabuni, anaipima mashine siku inapofika, anapanga ratiba ya matengenezo na kusema wazi kwamba hii imezeeka, itolewe. Na kuna fundi wa vifaa tiba, mwenye bisibisi na multimeta, anayeitwa saa nane usiku mashine ya kufyonza inapogoma katikati ya upasuaji.

Kwa anayetaka kubaki Katanga, eneo letu hili la migodi, kazi ya kwanza ni ya mbali sana. Uhitaji uko kwenye ya pili na ya tatu, hasa ya tatu, na hapo ndipo wazazi wengi wananuna, maana hawakulipa minervali, ada ya chuo, ya miaka mitatu ili mtoto aitwe fundi.

Kwa hao ningemtaja Earl Bakken. Mwaka 1949, yeye na shemeji yake Palmer Hermundslie walifungua duka la kutengeneza vifaa vya hospitali ndani ya gereji huko Minneapolis, Marekani. Mwezi wa kwanza walipata dola 8. Kwa miaka kadhaa Bakken alikuwa anaingia na kutoka vyumba vya upasuaji vya Chuo Kikuu cha Minnesota, akirekebisha hiki na kile, mpaka madaktari wakamzoea. Wakati huo vifaa vya kuongoza mapigo ya moyo vilikuwa masanduku makubwa yaliyochomekwa ukutani. Tarehe 31 Oktoba 1957 umeme ukakatika mjini. Daktari Walton Lillehei, aliyekuwa anapasua mioyo ya watoto, akamwomba fundi wake kifaa kisichotegemea soketi. Bakken akakumbuka mchoro wa sakiti ya metronomu, kile chombo cha kupigia mdundo wa muziki, aliouona katika jarida la mafundi wa elektroniki. Akaubadilisha, akatumia transista na betri ndogo, na baada ya wiki kama nne akarudi na kiboksi kinachoshikika mkononi. Duka lile la gereji ndilo Medtronic, leo moja ya kampuni kubwa kabisa za vifaa tiba duniani. Anayeishi kwenye mji wenye mgao wa umeme hahitaji kuelezwa kwa nini wazo lile lilitoka kwa mtu wa matengenezo.

Fundi kuwa mtu wa kudumu ndani ya hospitali ni jambo lililokuja baadaye, na lilisukumwa na hofu. Mwaka 1971 mwanaharakati Ralph Nader aliandika katika gazeti moja la akina mama kwamba huenda Wamarekani 1,200 kila mwaka wanauawa na umeme wakiwa hospitalini, kwa sababu ya vifaa vibovu. Hesabu ile ilipingwa sana na haikuthibitishwa. Lakini ilitosha: hospitali zikaanza kuajiri watu wa kupima usalama wa mashine, na vyuo vikafungua masomo kufuata ajira. Mfuatano huo tuushike, kwa sababu huku kwetu mambo yanakwenda kinyume chake.

Tatizo lenyewe lina ukubwa gani? Lora Perry na Robert Malkin walichapisha mwaka 2011 uchambuzi wa orodha za vifaa zaidi ya 112,000 vya hospitali katika nchi zinazoendelea. Asilimia 38.3 havikuwa vinafanya kazi. Mwaka mmoja kabla, Malkin huyo huyo na Allison Keane walikuwa wamepitia maombi 2,849 ya matengenezo kutoka hospitali maskini za nchi kadhaa, wakiuliza swali la kifundi kabisa: ili kuvirudisha vifaa hivi kazini, mtu anahitaji kujua nini hasa? Jibu lao ni kwamba asilimia 66 vingeweza kufufuka kwa ujuzi 107 tu wa msingi, bila kuagiza spea kutoka nje. Ujuzi huo uko katika maeneo sita: umeme, mekanika, mfumo wa kuingiza umeme kwenye mashine, mabomba, mota, na la mwisho, kufunga kifaa na kuwafundisha wanaokitumia. Mengi ya hayo fundi mzuri wa redio na jokofu anayajua tayari.

Chukua konsentreta ya oksijeni, ile mashine ya magurudumu yenye ukubwa wa jokofu dogo iliyoko wodi ya watoto. Hewa tunayovuta ina naitrojeni asilimia 78 na oksijeni asilimia 21. Mashine inanyonya hewa ya chumbani, kompresa inaisukuma kwa presha ndani ya mtungi uliojaa punje za zeoliti. Punje hizo zinaikamata naitrojeni na kuiacha oksijeni ipite. Baada ya sekunde chache valvu inageuka, kazi inahamia mtungi wa pili, na ule wa kwanza unatema naitrojeni yake nje. Ndiyo ile sauti ya kupumua inayosikika kila mara. Kinachomfikia mtoto kinatakiwa kuwa oksijeni ya asilimia 93 hivi.

Sasa lete kiangazi cha Lubumbashi, Mei hadi Septemba, na vumbi lake jekundu. Nyuma ya mashine kuna kichujio cha sponji kinachotakiwa kuoshwa kwa maji na sabuni kila wiki na kukaushwa vizuri. Hakuna aliyeambiwa. Sponji inaziba, kompresa inavuta kwa shida na kupata moto, zeoliti inalowa unyevu na kuchoka. Usafi wa oksijeni unashuka mpaka 80, mpaka 70. Lakini kile kigololi ndani ya bomba la kioo bado kinaelea kwenye lita 5, kwa sababu kigololi kinapima wingi wa hewa, hakijui ni hewa gani. Muuguzi anaangalia, anaona 5, anaandika 5. Taa ya njano inawaka kumwonya, na taa ya njano katika wodi yenye shughuli nyingi ni kitu cha kuzoeleka. “Papa fundi, mashine ni nzima, ni oksijeni ya mtoto ndiyo haipandi,” ndivyo unavyoambiwa ukifika. Fundi mwenye kipima oksijeni anakichomeka kwenye bomba na jibu linatoka ndani ya dakika moja. Kisha anakaa na wauguzi wa zamu, anawaonyesha sponji na taa. Hiyo nusu ya pili ya kazi haionekani kwenye picha za vyuo, na kwa maoni yangu ndiyo inayomtofautisha fundi wa vifaa tiba na fundi wa kawaida.

Taa za buluu za watoto wachanga wenye manjano zina mtego wa aina hiyo hiyo. Mwanga wa buluu unaibadilisha bilirubini kwenye ngozi ili mwili uweze kuitoa. Taa za mirija zinapozeeka zinaendelea kung’aa buluu ya kupendeza, ila nguvu inayotibu imekwisha. Jicho haliwezi kujua. Lazima kuwe na kipimo, au angalau daftari la kuhesabu saa za matumizi.

Halafu kuna vifaa vya msaada. Kontena linafika, picha zinapigwa, na mashine kutoka Marekani inataka volti 120 na hezi 60, wakati soketi zetu zinatoa 220 na hezi 50, tena pale zinapotoa. Ukiichomeka hivyo hivyo, inaungua siku ya kwanza. Ukiweka transfoma, umetibu volti tu. Mota nyingi za hezi 60 zikipewa 50 zinazunguka polepole kwa sehemu moja ya sita, na sentrifuji ya maabara inayozunguka polepole inatenganisha damu vibaya bila kelele yoyote. Na umeme wenyewe unapanda na kushuka. Ile laini ndefu ya kutoka Inga mpaka Kolwezi, karibu kilomita 1,700, iliyokamilika mwaka 1982, ilijengwa kwa ajili ya migodi kabla ya kitu kingine chochote. Stabilizeta ni sehemu ya mashine, iingie kwenye bei tangu mwanzo.

Shirika la Afya Duniani lilipitisha azimio kuhusu teknolojia za afya mwaka 2007, na mwaka 2017 likatoa kitabu kizima kuhusu wahandisi wa vifaa tiba kama watumishi wa afya. Lakini kilichofanya masomo haya yapate kasi barani Afrika ni Covid. Mwaka 2020 na 2021 kila mtu alijifunza neno oksijeni. Mitambo mikubwa ya kuzalisha oksijeni ikapelekwa katika nchi nyingi, nayo inafanya kazi kwa kanuni ile ile ya zeoliti, ila kwa ukubwa wa kontena. Mtambo kama huo unadai mtu wa kuuangalia kila siku. Wafadhili waliokuwa wanaleta mashine na kuondoka wakaanza kuulizwa: nani ataitunza? Mei 2023 mkutano mkuu wa shirika hilo ukapitisha azimio juu ya oksijeni ya tiba.

Kwa mwanafunzi wa Lubumbashi, chuo cha karibu chenye sifa kiko ng’ambo ya mpaka. Northern Technical College ya Ndola, Zambia, ilianza kufundisha mafundi wa vifaa tiba mwaka 2013. Ni safari ya nusu siku, foleni ya mpakani Kasumbalesa ikikuruhusu. Kikwazo ni Kiingereza, ingawa miongozo mingi ya mashine imeandikwa kwa lugha hiyo, kwa hiyo utakutana nacho tu. Kigali inafundisha, Dar es Salaam inafundisha kupitia taasisi yake ya teknolojia, DIT, Kampala inafundisha kupitia Makerere. Njia ya nyumbani ipo pia: umeme au elektroniki chuoni, au mafunzo ya umeme na majokofu ya INPP, taasisi ya serikali ya mafunzo ya ufundi, kisha miezi mingi ya stage, yaani mazoezi ya kazi, ndani ya hospitali yenye fundi mzoefu. Njia hiyo haina jina zuri kwenye diploma, lakini nawajua watu walioipita na mikono yao haina shaka.

Kabla ya kulipa ada popote, omba uonyeshwe karakana. Chuo cha biomedikali kisicho na kipima usalama wa umeme, kipima oksijeni na mashine chache mbovu za kufungua kinauza makaratasi. Uliza stage inafanyika wapi na kwa wiki ngapi. Uliza walimu wangapi wamewahi kufanya kazi hospitalini. Na usiogope kukosa vitabu: mwaka 2020 tovuti ya iFixit ilikusanya maelfu ya miongozo ya matengenezo ya vifaa tiba na kuiweka wazi bure, jambo lililowakera baadhi ya watengenezaji wanaopenda kufunga mashine zao kwa nywila.

Sasa lile swali la pili.

Kongo ina zone de santé, yaani kanda za afya, 519, na kila moja inatakiwa kuwa na hospitali kuu ya rufaa. Mtu atasema, basi hapo kuna ajira 519 za kuanzia. Hazipo hivyo. Hospitali ya serikali inaishi kwa kiasi kikubwa kwa kile anacholipa mgonjwa. Pesa ikiingia, inagawanywa: dawa, mazoti (dizeli) ya jenereta, posho za watumishi. Daktari anajulikana ni nani, muuguzi wa daraja la A1 anajulikana ni nani, hata mtu wa maabara ana daraja lake. Fundi anawekwa wapi? Mara nyingi yumo kundi moja na dereva na mlinzi. Siyo dharau ya Lubumbashi peke yake. Shirika la Kazi Duniani, katika orodha yake ya kazi ya mwaka 2008, lilimweka mhandisi wa vifaa tiba kwenye fungu la wahandisi wengineo, kisha likaongeza maelezo kwamba ahesabiwe kuwa sehemu ya watumishi wa afya. Maelezo ya pembeni hayafiki kwa mhasibu. Kwa hiyo posho zinazopangwa kwa ajili ya watu wa tiba zinaweza kumpita, na matrikule, namba ya utumishi wa serikali, ambayo hata wauguzi wanaingoja miaka, kwake ni mbali zaidi.

Wakati huo huo, mwajiri mwingine yuko mlangoni. Kutoka hapa mpaka Likasi na Kolwezi migodi inatafuta watu wa instrumentation: wanaojua sensa za presha, valvu, kompresa, pampu, sakiti za kudhibiti. Ni ujuzi ule ule kwa asilimia kubwa. Anayeweza kusoma tatizo la sensa kwenye tangi la asidi hashindwi na konsentreta, na anayeiweza konsentreta hawezi kulaumiwa akienda kulipwa vizuri mara kadhaa kwenye shaba. Kwa hiyo mtu akisema Katanga haina mafundi, simwelewi. Mafundi wapo, wamevaa kofia za migodi. Kilichokosekana ni kiti hospitalini, chenye daraja, mshahara na fungu la spea. Marekani ajira ilitangulia na vyuo vikafuata. Sisi tunafungua masomo tukitumaini ajira itakuja nyuma yake.

Fungu hilo lina kipimo kinachojulikana. Kwa makadirio ya kawaida, ambayo Shirika la Afya Duniani nalo linayatumia, kutunza vifaa vizuri kunagharimu kwa mwaka asilimia 5 hadi 10 ya thamani yake. Hospitali yenye vifaa vya dola 100,000 itenge basi dola 5,000 hadi 10,000 kila mwaka, fundi akiwa ndani ya hesabu hiyo. Hakuna anayenunua Toyota huku akiapa kwamba hatabadilisha mafuta, lakini bajeti nyingi za hospitali zinaapa hivyo kila Januari. Mfadhili anahesabu alichokileta. Hahesabiwi kilichokufa baada ya yeye kuondoka.

Kwa mhitimu asiyetaka kusubiri serikali wala kwenda mgodini, mlango ulio wazi zaidi ni kliniki binafsi na hospitali za makanisa. Zina ekografi (ultrasound), konsentreta, otoklavu ya kuchemshia vifaa, mashine za maabara, na nyingi hazina uwezo wala haja ya kuajiri fundi wa siku zote. Fundi mmoja anaweza kuhudumia kliniki sita au saba kwa mkataba wa mwezi. Mkataba wa mwezi, siyo malipo kwa kila hitilafu. Anayelipa kwa hitilafu anakuita mashine ikishakufa, na wewe unajikuta unaombea mashine za watu ziharibike. Kwenye karatasi kuwe na orodha ya vifaa na hali yake siku ya kwanza, idadi ya ziara, nani ananunua spea, na ndani ya saa ngapi unatakiwa kufika ukiitwa usiku. Bei inaweza kukokotolewa kutoka kwenye ile asilimia 5 hadi 10, na mwenye kliniki anayebisha aonyeshwe bei ya kompresa mpya ikiwa na usafiri na forodha yake. Kuhusu vifaa vya kuanzia, multimeta nzuri na kipima oksijeni vitangulie kununuliwa, kwa sababu konsentreta iko karibu kila kliniki na ndiyo yenye kosa lisiloonekana kwa macho. Kipima usalama wa umeme ni ghali, hicho wanaweza kuchanga mafundi watatu na kukitumia kwa zamu.